Visiki Vilivyomwagiliwa Maji

Usikate mpaina kwa imani ya mlingoti.

Ndiyo, nimeisema leo asubuhi, nimemwambia baba yenu, na mmeona alivyotoka bila kumaliza chai. Mama yenu ana siku ya tisa yuko kwao, yeye anakaa hapa anakoroga sukari na kuniambia, "Atarudi tu, mama. Mara zote hurudi." Nilitaka kumpiga na mwiko. Nikampiga na methali badala yake, maana mwiko ulikuwa mbali.

Sasa mnataka kujua methali yenyewe imetoka wapi. Haya, kaeni, lakini msikae bure. Elika, menya viazi hivyo. Na wewe Meshaki, mjukuu wangu na mume wangu mdogo, ongeza makoni motoni, hayo matunda makavu ya mpaina, kuni hizi mbichi zinanitoa machozi na sitaki mtu aseme bibi analia.

Methali hii ilianza hivi, tena ilianza hapa hapa uani kwetu, si mjini wala redioni. Siku hizi kila mtu anaisema ovyo. Juzi mwenyekiti wa kijiji ameitumia kwenye mkutano wa choo cha shule. Choo! Anajua nini yule? Mambo haya yanatokea, yeye alikuwa bado ananyonya.

Baba mkwe wangu, mzee Lazaro Tweve, alifanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche ya misitu, mbali na hapa. Kijijini kwetu wakati huo mti wa kupanda ulikuwa mmoja, mlingoti, ambao wengine huuita mkaratusi. Mlingoti mnaujua. Unaukata leo unapata nguzo, mvua mbili zikinyesha kisiki kimeshajaa machipukizi. Unachagua mawili yaliyonyooka unayaacha, mengine unayaondoa, na baada ya miaka michache unakata tena. Watu wa hapa walizaliwa wakaona hivyo, na baba zao waliona hivyo. Kwao mti ni kitu cha kukata na kurudi.

Mzee Lazaro alipostaafu akaja na miche sita ya mpaina, ambao wengine huuita msonobari, ndani ya debe. Akaipanda kwa mstari upande wa mashariki, hatua ishirini kutoka ukutani, ili ikikua matawi yasiguse bati na mizizi isisumbue msingi. Majirani wakaja kucheka. Mti gani huu una sindano badala ya majani? Mzee akawajibu, "Huu ni ukuta." Basi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nasema wazi, uchache ule wa maneno ulituponza. Angeongeza sentensi moja tu kuhusu ile miti, mimi leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, na ningekuwa mtu mwenye furaha zaidi.

Upepo wa hapa mnaujua unatoka mashariki. Ikifika Juni unapita kwenye matundu ambayo hata panya hayajui. Na mama mkwe wangu, mama Aida, alikuwa na pumu. Zamani kila kipupwe kikiingia alikuwa anakohoa mpaka anashikilia mlango, na binti yake Marita, aliyeolewa kule chini Usangu kwenye joto, alikuwa anapanda kuja kumchukua miezi mitatu. Mama hakupenda. Alikuwa anasema kule Usangu hata maji ya kunywa yana jasho.

Mipaina ikakua. Matawi yake yalishuka mpaka chini, yakashikana, upepo ukija unagonga pale, unapanda juu na kwenda zake. Upande huu wa pili nguo zinakauka kwenye kamba bila kuruka. Mama akaacha kwenda Usangu. Asubuhi alifagia zile sindano kavu na kuzitandaza kwenye matuta ya viazi, magugu yakashindwa. Makoni aliwashia moto, kama tunavyofanya sasa. Utomvu aliuchemsha akazibia madebe yaliyovuja. Mzee Lazaro alipofariki, mama aliiita ile miti "ukuta wa Lazaro." Akiulizwa kwa nini haendi kupumzika kwa Marita, anajibu, "Nina ukuta wangu, niende wapi?"

Halafu nikaja mimi.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa na babu yenu Obadia, na nilikuwa najiona ndiye mwanamke wa kwanza duniani kulima pareto. Maua ya pareto lazima yakauke vizuri, msipoyakausha yanaota ukungu na hakuna anayeyapokea. Nilianika kwenye majamvi hapa mbele. Lakini jua linatoka mashariki, na mashariki kuna mipaina, kwa hiyo mpaka saa tano majamvi yangu yapo kivulini. Maua yakaoza mara moja, mara ya pili. Nikaanza kununa.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, miti hii inatunyima jua."

Akasema, "Jua liko nyuma ya nyumba, mwanangu. Hamishia majamvi huko."

"Nyuma ya nyumba kuna kuku, mama."

"Wafukuze."

Haya, kuna jibu gani rahisi kuliko hilo? Hatua sitini! Ningebeba majamvi hatua sitini na kufukuza kuku wanane, hadithi ikaishia hapo. Lakini nilikuwa bibi harusi mwenye kiburi, nikaona mama mkwe ananidharau. Nikaenda kumlilia mume wangu kila jioni kuhusu jua. Jua, jua, jua. Nikikumbuka natamani niingie ndani ya wakati ule nijizibe mdomo mwenyewe.

Sasa, babu yenu. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kichwa chake kilichemka haraka kama maziwa. Akikasirika anamwambia mama yake neno baya. Kesho yake anakuja na kilo ya sukari, anapiga magoti, "Mama nisamehe," na mama anasema, "Yamekwisha, mwanangu." Alichinja mbuzi wa mama kwa ajili ya rafiki zake bila kumuuliza. Sukari, magoti, yamekwisha. Akamfokea mbele ya wazee wa kanisa. Sukari, magoti, yamekwisha. Nilikuwa naona, na nilidhani ndivyo akina mama walivyo. Hata nilimpenda kwa kujua kuomba radhi. Ujinga mtupu!

Mwezi wa tatu Marita akajifungua, mama akateremka Usangu kumlea mzazi. Hakufika hata njia panda, babu yenu ameshaanza kunoa shoka.

Nilimuuliza, hilo nalo nitasema ili msidhani sikuwa na akili kabisa. "Obadia, mama atasemaje?"

Akasema, "Atakasirika siku mbili. Akirudi atakuta imeanza kuchipua. Itakuwa chini chini, jua linapita juu, na baada ya miaka mitatu ukuta wake huo hapo."

Mimi nikashangilia! Mimi ndiye niliyevuta kamba mti usiangukie choo. Akaikata yote sita kwa siku mbili, na akaikata vizuri, urefu wa goti, kwa mshazari, ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki kikaoza. Ndivyo mlingoti unavyokatwa. Aliukata mti mmoja kwa heshima za mti mwingine.

Jua likaingia. Loo, jua la namna hiyo! Nikatandaza majamvi saa mbili asubuhi, saa saba maua yamekauka yanakwaruza. Nikaimba. Siku ya tatu upepo ukaja, ukabeba maua yote, ukayamwaga kwa jirani yetu mzee Ilomo mpaka ndani ya sufuria yake ya mboga. Alikuja na ile sufuria kutuonyesha. Kwa hiyo mwisho wa yote nilihamishia majamvi nyuma ya nyumba, ambako ukuta wa nyumba unakinga. Nikawafukuza na kuku.

Mama alirudi katikati ya mwezi wa tano. Tulimwona anakuja barabarani na kifurushi kichwani, na pale kwenye kona ambapo zamani mtu alianza kuona vilele vya mipaina, akasimama. Akasimama muda mrefu. Halafu akaja mbio, mtu mwenye pumu, akafika hapa uani hana pumzi.

Hakutusalimia. Akasema, "Nani amekufa?"

Maana kwetu miti mikubwa ya uani haikatwi hivi hivi. Ikikatwa ghafla ni mbao za jeneza.

Obadia akasema, "Hakuna aliyekufa, mama. Shikamoo. Tumepunguza tu miti, Damari alikuwa hapati jua."

Mmeona alivyonitaja? Haya. Ilikuwa kweli.

Mama akaenda akashika kisiki cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Akauliza, "Na kipupwe?"

"Itachipua, mama."

"Baba yako alikuambia inachipua?"

"Mti ni mti, mama! Umeona mti gani usiochipua?"

Mama akamtazama, na mimi akanitazama. Hakufoka. Aliingia ndani akafunga mlango, na babu yenu akaniambia kwa sauti ndogo, "Kesho nitampelekea sukari." Akapeleka. Mama akaipokea, akaiweka juu ya kabati, na lile neno "yamekwisha" hakulisema. Sisi hatukuona kama hakulisema. Nimekuja kulikumbuka baadaye.

Ndipo ukaanza mchezo wa visiki. Wajukuu zangu, nimeona mengi, lakini sijaona mtu mzima akihangaika vile. Wiki ya kwanza Obadia akavizungushia miiba mbuzi wasile machipukizi. Machipukizi gani? Wiki ya pili akaweka samadi. Mzee Ilomo akashauri avipake kinyesi cha ng'ombe pale palipokatwa, akavipaka, uani kukanuka wiki nzima. Mwingine akasema alikata juu mno, avikate tena chini kidogo, akavikata. Mvua ilipokoma akaanza kumwagilia. Kila jioni, ndoo mbili mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nateka kisimani. Ndoo kumi na mbili za maji kwa siku kumwagilia visiki! Nikimwambia, "Obadia, hivi ni vikavu," ananiambia sina subira. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili la kwetu liliisikia kabisa, likaenda kuipaka kwenye kisiki.

Juni ikafika. Upepo ukaona hakuna kizuizi, ukaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya mama, maana yake ndiyo ilikuwa ya kwanza upande ule. Tukaziba madirisha kwa magunia. Tukasimamisha majamvi yangu ya pareto kwenye nguzo, yakachanika siku hiyo hiyo. Mama akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, halafu kutwa. Akawa hawezi kulala chali, analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Nilikuwa nampelekea uji, anashika bakuli kwa mikono miwili, na bado ananiambia, "Ahsante, mwanangu." Hiyo ahsante iliniuma kuliko matusi.

Siku moja mchana akapita bwana miti, ofisa wa misitu, na baiskeli yake, anakwenda kukagua mashamba. Akamkuta babu yenu na ndoo.

"Kamwene, mzee. Unamwagilia nini?"

"Mipaina yangu. Niliikata mwezi wa tatu, inakawia kuchipua."

Yule bwana akadhani ni utani, akacheka mpaka akashikilia baiskeli isianguke. Halafu akaona mwenzake hacheki. Akashuka, akakwangua kisiki kwa kisu, akaonyesha ndani. Kikavu, cha rangi ya tumbaku.

Akasema, "Mzee, nani alikudanganya? Mpaina hauna machipukizi ya kisikini. Ukikatwa, umekatwa. Unapanda mche mwingine, unaanza upya."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka ukinge upepo? Huku kwenye baridi, kumi. Labda kumi na miwili."

Babu yenu akaweka ndoo chini, akakaa juu ya kisiki, kile kile alichopaka kinyesi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na siku hiyo sikumuonea hata huruma. Nilikuwa na hasira naye, na hasira kubwa zaidi nilikuwa nayo kwangu, na hakukuwa na mahali pa kuipeleka. Nikaenda kuwafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Siku ya pili Marita akafika na mtoto mgongoni. Alikuwa ametumiwa habari. Alipomwona mama yake ameegemea gunia, akaanza kufunga nguo za mama kwenye shuka.

Obadia akakimbia dukani, akarudi na sukari, safari hii kilo mbili. Akapiga magoti pale mlangoni kwa mama. Akalia, na kilio kilikuwa cha kweli.

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Usiondoke."

Mama akasema, "Inuka, Obadia."

"Siinuki mpaka useme yamekwisha."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile nilipogusa visiki."

Akanyanyua kichwa, nikaona uso wake umepata nuru. "Basi unabaki?"

"Sibaki. Kusamehe ni moyo wangu, na moyo wangu ni wako mwanangu. Lakini kifua changu hakijui msamaha. Kinajua upepo tu."

"Utarudi kipupwe kikiisha?"

Mama akakohoa kwanza, tukasubiri. Halafu akasema polepole, na hakusema kwa hasira, ingekuwa hasira tungejua la kufanya.

"Mwanangu, ulichinja mbuzi wangu, nikachipua. Ulinivunjia heshima mbele ya wazee, nikachipua. Ukazoea. Ukasema mama ni mlingoti, nikate, nitapiga magoti, atarudi. Hukuniuliza kama na safari hii nitarudi. Na hii miti pia hukuiuliza. Usikate mpaina kwa imani ya mlingoti, Obadia. Sasa inuka, unamzuia dada yako njia."

Akapita. Aliponifikia akanishika shavu, akaniambia, "Nawe Damari, nyuma ya nyumba kuna jua."

Hakurudi. Tulikwenda kumwona kila tulipopata nafasi, na kule chini alipumua vizuri, alinenepa hata kidogo, ila kila tukifika anauliza upepo umeamkaje. Obadia alipanda miche mingine sita, kwenye mstari ule ule. Kila Jumapili akitoka kanisani anakwenda kuipima kwa fimbo, na akienda Usangu anakwenda na ile fimbo, imetiwa alama, amwonyeshe mama imefika wapi. Alama ya mwisho aliyoonyeshwa mama ilikuwa hapa, chini ya kiuno changu. Akafariki mwaka huo, akazikwa kule kule kwenye joto ambalo hakulipenda.

Mipaina mnayoiona pale nje ndiyo hiyo. Ilianza kukinga upepo mwaka baba yenu alipozaliwa. Na babu yenu kuanzia siku ile alikuwa anauliza kila kitu. Kuku wa kuchinja anauliza. Tawi la mpera anauliza. Alinichosha kwa maswali, na sikumkataza hata mara moja. Wanasema majuto ni mjukuu; basi ninyi wajukuu mmekaa hapo, mmenisikia.

Mbona umeacha kumenya, Elika?

"Bibi," alisema Elika, na kisu amekishika tu, "mama ni mti gani?"

Haya. Ndilo swali hilo, na mtoto wa miaka kumi na minne ameliuliza kabla ya mwanamume wa miaka arobaini.

Sijui, mjukuu wangu. Ningekudanganya nikisema najua. Mama yenu amefokewa na baba yenu mbele ya wageni mara moja, akaenda kwao, akarudi. Mara ya pili, akarudi. Hii ni ya tatu. Baba yenu anahesabu mara mbili alizorudi, anaona ameujua mti. Mimi nilivuta kamba mara moja katika maisha yangu, sitavuta tena kwa kukaa hapa kimya nikinywa chai.

Acha viazi. Nipe kanga yangu ile nzito, na viatu vyangu viko chini ya kitanda. Meshaki, mume wangu, kimbia kule shambani ukamwite baba yako, mwambie tunakwenda kwa wakwe zake sasa hivi, mimi na yeye. Mwambie asipitie dukani. Sitaki kuona sukari. Akifika kwa mama yenu atamuuliza kwanza, na atasikiliza mpaka mwisho, hata kama jibu hatalipenda.

Na akikuuliza bibi ana haraka ya nini wakati mara zote hurudi, usibishane naye, wewe ni mtoto. Mwambie tu bibi amesema: usikate mpaina kwa imani ya mlingoti.